Karai la Bibi na Historia ya Sinema Zetu

Leo sina umbea wa staa yeyote, naomba mnisamehe. Leo nataka tukae tuongee historia, ila sio ile ya darasani ya mikataba na tarehe za magavana. Mimi mwenyewe shule niliishia kidato cha nne, na somo la historia nilipata alama ambayo hata mama hakuniuliza mara mbili. Historia ninayoitaka leo ni ya sinema, na nitaielezea kwa kupitia kitu kimoja tu, yaani karai la kukaangia.

Karai lenyewe lipo hapa nyumbani. Chuma kizito, mkono mmoja ulishavunjika ukachomelewa, kwa chini limekuwa jeusi kama mkaa. Bibi mzaa mama alilitumia kukaangia kachori nje ya jumba la sinema Tanga miaka ya sabini. Mama akalitumia mlangoni kwenye banda la video la mjomba. Na mimi tangu mwaka juzi ndo nimelirithi, kwa sababu mama moshi umeshamkataa kifua. Vizazi vitatu, karai moja, na wote tulikuwa tunategemea mtu mmoja tu, yule anayetoka nyumbani kwenda kuangalia picha.

Sasa basi, tuanze na enzi zenyewe.

Watu wa rika langu tukisikia "sinema" tunafikiria ukumbi wa kisasa ndani ya mall, kiyoyozi, na bisi za bei ya kufa mtu. Tunadhani zamani hakukuwa na kitu. Kumbe wapi! Miji yetu ya pwani ilikuwa na majumba ya sinema ya maana kabla hata babu zetu hawajaoa. Unguja kulikuwa na Royal tangu miaka ya 1920 mwanzoni, ambayo baadaye ikaitwa Majestic. Dar es Salaam kulikuwa na Empire, Empress, Avalon na Odeon. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-in kule Msasani, unaingia na gari lako na familia nzima, chakula mmebeba, mnaangalia picha mkiwa kwenye siti za gari. Pale pale ilipokuwa Drive-in ndo leo upo ubalozi wa Marekani. Ukipita pale na daladala huwezi kudhani kwamba kuna watu walichumbiana hapo.

Tanga nako hatukuwa nyuma. Mji ulikuwa na pesa ya mkonge, bandari na reli, na palikuwa na Majestic na Novelty. Ndo maana wazee wa Ngamiani ukiwagusa kidogo tu kuhusu sinema, siku hiyo hupati nafasi ya kuongea wewe.

Na picha zilizotamba hazikuwa za Wazungu peke yake. Majumba mengi yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya India, kwahiyo mzigo wa Bombay ulifika huku mapema na ulifika kwa wingi. Awara ya Raj Kapoor ilitoka mwaka 1951. Mother India ikatoka 1957. Sholay ya Amitabh Bachchan na Dharmendra ilitoka Agosti 1975, na kwao India ilikaa kwenye jumba moja la Bombay zaidi ya miaka mitano mfululizo. Halafu kulikuwa na Bruce Lee na Enter the Dragon ya 1973, ambayo iliwafanya vijana wa kila mtaa kuanza kupiga kelele na kuvunja mbao za watu.

Swali ambalo nilikuwa najiuliza siku zote ni hili: mtu wa Barabara ya Kumi na Mbili, Kihindi hajui, anaangaliaje picha ya karibu saa tatu akatoka analia?

Nilipokuja kuiangalia Mother India mwenyewe ndo nikaelewa. Kuna mama anaitwa Radha, ana shamba, ana deni la mkopeshaji wa kijiji, mazao yanaenda kwa mkopeshaji kila mwaka. Mume anapondwa mikono na jiwe shambani, anaona amekuwa mzigo, anaondoka asirudi. Mama anabaki na watoto, anavuta jembe mwenyewe kama ng'ombe. Mwishoni mtoto wake mmoja anakuwa jambazi, anamteka binti wa watu, na mama huyo huyo anampiga risasi mwanae wa kumzaa. Sasa hapo unahitaji Kihindi cha nini? Deni tunalijua. Mume kuondoka tunajua. Mtoto kumshinda mama tunajua sana tu.

Nyimbo nazo zilifanya kazi yake. Watu waliziimba mitaani bila kujua maana. Taarabu ya pwani yetu nayo ilichota humo, kuna nyimbo nyingi sana ambazo maneno ni ya Kiswahili safi lakini sauti ni ya picha ya Kihindi. Kule Mombasa Juma Bhalo alijulikana sana kwa staili hiyo. Kwahiyo hata ambaye hakuwahi kukata tiketi, sinema ilimfuata harusini.

Turudi kwenye karai.

Jumapili ndo ilikuwa siku kubwa. Watu wanatoka kanisani, wengine wameshinda nyumbani, jioni wanavaa zile nguo za sikukuu wanaenda sinema. Baba, mama, watoto, shangazi aliyekuja kutembea. Ikiwa picha ni mpya basi tiketi zinaisha, na nje kuna walanguzi wanauza ile ile tiketi kwa bei wanayotaka wao. Na pembeni ya hao wote kuna akina mama na karanga, kashata, mihogo, na bibi yangu na kachori zake.

Bibi alikuwa na hesabu yake ya kazi ambayo mimi naona ni elimu kabisa. Kachori ikipoa haina mnunuzi, na mafuta yakikaa motoni muda mrefu yanaungua na hasara ni yako. Kwahiyo lazima ujue watu wanatoka saa ngapi. Bibi saa hakuwa nayo. Alikuwa anasikiliza. Sauti ya picha inapenya ukutani, anahesabu nyimbo. Wimbo fulani ukianza anajua mapumziko ya katikati yamekaribia, anachochea moto. Wakitoka kupunga upepo wanakuta kachori inatoka kwenye mafuta, "shwaaa". Wakirudi ndani anapunguza kuni, anaanza kuponda viazi vya awamu ya pili. Ule wimbo wa mwisho ukiisha na watu wakaanza kupiga mbinja, karai liko tayari.

Kachori zake nazo zina utaratibu wake, na naziandika hapa kwa sababu hazijawahi kuandikwa popote. Viazi unachemsha na maganda. Unaponda, ila usiponde vikawa uji, vibaki na vipande. Chumvi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi, majani ya kotmiri. Limau unakamua viazi vikishapoa, sio vikiwa vya moto, hapo bibi hana utani. Unaviringa madonge, unachovya kwenye unga uliokorogwa mzito wenye manjano kidogo, unatumbukiza. Vipimo hana. Ukimuuliza chumvi kiasi gani anakuambia "kiasi cha kutosha", na ukiuliza kutosha ni ngapi anakuona huna akili.

Mambo yakaanza kubadilika taratibu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ikaanza kushika mambo mengi ya uchumi. Mwaka 1968 ikaundwa kampuni ya filamu ya taifa, ikapewa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja yakataifishwa, na majumba ya sinema yakakumbwa humo humo. Sisemi ilikuwa vibaya au vizuri, kila mtu ana babu yake na atamsimulia kivyake. Lakini picha ziliendelea kuonyeshwa na bibi aliendelea kukaanga.

Kilichombana bibi ni ile miaka ya mwisho wa sabini na mwanzo wa themanini. Vita vya Kagera vimepita, pesa za kigeni hakuna, mafuta ya magari shida mpaka Jumapili mchana magari binafsi yakazuiwa kutembea. Drive-in na magari yamezuiwa, si unaona kichekesho hicho. Na madukani hakuna kitu. Sukari foleni, sabuni foleni, unga foleni, mafuta ya kula ndo usiseme. Mwaka 1983 ikaja ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, mtu akikutwa na madebe ya mafuta ndani anatakiwa aeleze ameyatoa wapi. Bibi anasema kuna kipindi alikaa miezi bila kukaanga, karai likageuzwa la kuogeshea watoto.

Halafu ikaja video. Baada ya 1985 biashara ilipofunguliwa, watu wakaanza kurudi na madeki kutoka Dubai na Oman. Mwenye deki mtaani alikuwa mtu mkubwa. Mtu akaona kwanini aende mjini alipe tiketi wakati kwa jirani kuna mkanda? Majumba yakaanza kukosa watu, mengine yakageuka maghala, mengine makanisa, mengine yakabaki popo tu.

Na hapo ndo likazaliwa banda la video, au kwa jina lake la heshima, kibanda umiza. Kwa mdogo wangu ambaye hujawahi kuingia: ni chumba cha mabati, hakina dirisha, mabenchi ya mbao hayana pa kuegemea, joto kama tanuri la mkate, na mbele yako lazima akae mtu mwenye kichwa kikubwa. Ukitoka kiuno kinauma, mgongo unauma, macho yanauma. Jina halikukosewa.

Mjomba alifungua lake mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama akalichukua karai kwa bibi, akaweka jiko mlangoni. Mimi nilikuwa naingia bure kwa kigezo cha kuuza kachori ndani, natembea kwenye giza na beseni kichwani, "kachori kachori", huku napigwa makonzi kwa kuziba skrini.

Shujaa wa zama hizo hakuwa Rambo wala Jet Li. Alikuwa ni mtafsiri, yule DJ ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya picha. Wenzetu Uganda wanao pia, wao wanawaita VJ. Yule bwana alikuwa hatafsiri, alikuwa anatunga! Mchina anaongea sentensi moja, DJ anaongea dakika nzima, anataja Manzese, anataja bei ya nyanya, anamwambia adui "leo utanijua kwanini mama yako alikukataza kucheza jioni". Banda zima chini kwa kicheko. Wasomi waliwacheka hao watu, lakini mimi nasema waliwatendea haki watu ambao sinema ilikuwa haiongei nao. Miaka yote ya majumba makubwa, hakuna aliyekaa akamweleza bibi yangu kwa Kiswahili mle ndani kunasemwa nini.

Televisheni nayo ilikuja na zamu yake. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini mwanzoni, tena ya rangi, lakini sisi Bara tulingoja mpaka 1994. Watu wakakaa sebuleni na Kaole ya ITV. Mwaka 2003 ikatoka filamu ya Girlfriend, na Bongo Movie ikachanganya kweli kweli. Aprili 2012 Kanumba alipofariki, nilikuwa bado mdogo lakini nakumbuka mtaa mzima ulivyonyamaza, mama hakukaanga siku mbili. Watu walilia kama wamefiwa ndugu, na kusema ukweli walikuwa wamefiwa ndugu.

Banda la mjomba lilihimili yote hayo. Likahama kwenye mkanda, likaingia kwenye CD, likaweka king'amuzi, likawa la mpira wa Ulaya. Kilichokuja kuliua ni simu. Kijana sasa hivi ana muvi hamsini kwenye simu, anajaziwa kwenye flashi au anaangalia mtandaoni, amelala kitandani peke yake, earphone masikioni. Mwaka jana mjomba kang'oa mabati akauza. Na mtu anayeangalia picha kitandani hatoki nje, na asiyetoka nje hanunui kachori. Ndo hapo nilipo mimi na karai langu, nimehamia stendi, nagombania wateja na chipsi mayai.

Sasa kuna jambo nataka niwaambie, na ndo lililonifanya niandike haya yote.

Miaka yote nimekuwa nikijisifu kwamba bibi yangu ameangalia picha zote za Kihindi za enzi zile. Anazijua nyimbo, anazijua stori, ukimtajia Mother India anakuimbia mwanzo mwisho. Mwezi uliopita nikaenda kumsalimia. Macho yake yameharibika, anaona mwanga na kivuli basi. Nikamwambia bibi, leo nimekuletea zawadi, nimekuwekea Mother India kwenye simu, kaa nikuwekee usikilize, mimi nitakuelezea kinachopita.

Ikaanza. Bibi kimya, kanga amejifunika mabegani. Kila wimbo ukija anatabasamu, anaimba chini chini. Kuna mahali akasema, "Hapa nilikuwa nawasha moto." Kuna mahali akasema, "Hapa viazi." Mimi nacheka. Tukafika pale mama anaposhika bunduki. Nikamwambia, bibi, hapa ndo anampiga mwanae.

Bibi akashtuka. "Anampiga nani?"

"Si mwanae. Birju."

Akakaa kimya. Halafu akaniambia, "Mume wangu, mimi sikuwahi kuingia mle ndani."

Nikamuuliza, yaani Mother India hukuiona? Akasema hakuiona hiyo wala nyingine yoyote. Hata mara moja. Tiketi ilikuwa ni pesa ya sukari ya nyumbani, na akiingia karai angemuachia nani? Stori alizozijua ni alizokuwa anaokoteza kwa wateja wakitoka wanabishana mdomoni mwa karai. Huu mlio wa mwisho alikuwa anausikia miaka yote, lakini kwake ulikuwa ni alama ya kwamba mafuta yawe yamechemka. Na waliokuwa wanatoka walikuwa wanalia, hawaelezi, wananunua kachori wanaondoka. Yeye alidhani mama ndo amekufa.

Wadau, sikujua niseme nini. Nilikuwa namshikia simu mbele ya uso wake kama mjinga. Sinema imekuwa bure, imeingia kiganjani, imekuja mpaka kitandani kwake, na imemkuta macho yameondoka.

Kwanza niliona uchungu tu. Lakini baadaye bibi mwenyewe ndo aliyenitoa. Akasema, "Rudisha nyuma pale mwanzo, halafu nieleze vizuri, usikimbie." Nikarudisha. Nikaanza kumtafsiria, na kila nikisema kitu cha juu juu ananikatisha: amevaa nini? Nyumba yao ikoje? Huyo mkopeshaji ana sura gani? Watoto wa jirani wakaja wakakaa mlangoni. Nikajikuta nimekuwa DJ, naongeza chumvi, namfananisha yule mkopeshaji na jamaa mmoja wa mikopo ya wiki pale mtaani kwetu. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Tulimaliza saa nne usiku. Pale mwisho alilia, ila safari hii alikuwa anajua analia nini.

Kwahiyo mimi nimeelewa hivi. Tukiandika historia ya sinema tunataja majumba, waigizaji na mwaka picha ilipotoka. Ni sawa, hata mimi nimetaja. Lakini waliokuwa nje ya ukuta nao walikuwepo. Waliijua sinema kwa upande wa sauti na moshi, wakasomesha watoto kwa hiyo, na hakuna tiketi wala kitabu kitakachoonyesha kwamba walikuwepo. Kama hatuwaulizi sasa hivi wakiwa hai, tutabaki kujisifu kwa vitu ambavyo hata hawakuviona.

Jumapili hii naenda tena. Bibi ameagiza Sholay, anasema kuna wimbo mmoja mule ulikuwa unamuunguzia kachori kila siku kwa sababu ni mrefu kuliko alivyotegemea, anataka kujua walikuwa wanafanya nini muda wote huo. Naenda na karai. Ameniambia pia limau langu ninaweka mapema, kasikia kwa harufu tu.

Wewe unayesoma, bibi yako au babu yako alikuwa wapi siku za Jumapili? Alikuwa ndani au nje? Muulize leo, halafu uje unisimulie hapo chini. Nitasoma zote.